DHAHABU ISIYOKUWEPO: KISA CHA KARANI MMOJA NA SERIKALI ILIYOTEKWA



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu Wataala aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu wa Ramadhani. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Kila Ramadhani ikiingia tunasomewa aya za saumu misikitini, zile za Suratul Baqara kuanzia aya ya 183 mpaka ya 187. Watoto wa madrasa wanazijua kwa moyo. Lakini hebu fungua msahafu wako, ndugu yangu, utazame aya inayofuata, ya 188. Maneno ya daku na futari yakimalizika tu, hapo hapo tunakatazwa kula mali ya wenzetu bila haki, na kuitumia mali hiyo kuwavuta upande wetu wale wenye kuhukumu. Mtu aliyeweza kujizuia na maji yake mwenyewe ya halali kutwa nzima, ana udhuru gani wa kushindwa kujizuia na mali ya umma ambayo si yake?

Basi nimeona mwaka huu nikuletee kisa cha kweli kuhusu mali ya umma. Ni kisa cha hapa hapa kwetu Kenya. Wengi wetu tulio vijana hatukuwa tumezaliwa kilipotokea, au tulikuwa tunabebwa mgongoni, na shuleni tulikipitia juu juu tu. Kinaitwa Goldenberg.

RUSHWA YA CHAI NA RUSHWA YA KUTEKA SERIKALI

Kwanza tuelewane. Ukitaja rushwa, wengi wetu tunafikiria polisi na matatu, au yule karani anayesema faili halionekani mpaka "uongee vizuri". Hiyo ni rushwa kweli, na ni haramu. Lakini iko nyingine kubwa zaidi.

Mwaka 2000 watafiti watatu, Joel Hellman, Geraint Jones na Daniel Kaufmann, walitoa utafiti wao juu ya nchi za Ulaya Mashariki na zile zilizokuwa chini ya Urusi ya zamani. Waligundua kwamba kuna makampuni hayahangaiki kuivunja sheria. Yanawalipa wakubwa ili sheria yenyewe iandikwe vile yanavyotaka. Jambo hilo wakalitenga na hongo ya kawaida na kulipa jina lake, yaani kutekwa kwa dola. Mwizi wa kawaida anaruka ukuta usiku. Huyu anakuja mchana na ufunguo, na mlinzi anampigia saluti.

Mwaka 2019 shirika la hapa Kenya liitwalo AfriCOG lilichapisha utafiti wa wakili Wachira Maina ulioangalia nchi yetu kwa kipimo hicho hicho. Swali lake kubwa lilikuwa hili: mbona Kenya inaunda tume, inatunga sheria, inabadilisha viongozi, na ufisadi uko pale pale? Jibu lake ni kwamba vyombo tunavyovitegemea vimkamate mwizi mara nyingi ndivyo vilivyotekwa. Ukiisoma Goldenberg vizuri utaona maneno hayo yalivyo kweli.

KENYA YA MIAKA HIYO

Turudi mwaka 1990. Rais ni Daniel arap Moi na chama ni kimoja tu, KANU. Nchi ina njaa ya dola. Bila pesa za kigeni huwezi kununua mafuta, dawa wala mashine. Ili kuwapa moyo wenye kuuza bidhaa nje, serikali ilikuwa na sheria ya fidia: ukiuza bidhaa nje na ukaleta dola nyumbani, unarudishiwa asilimia 20 ya thamani yake kwa shilingi. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Ilikusudiwa viwanda na kazi za vijana.

Mwaka huo ikaja kampuni mpya, Goldenberg International. Wakurugenzi wake walikuwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara kijana wa miaka ya ishirini hivi, na James Kanyotu, ambaye alikuwa mkuu wa ujasusi wa nchi. Soma tena hapo. Mtu aliyelipwa na umma kuilinda dola alikuwa pia mwenye hisa katika kampuni inayokuja kuiomba dola pesa.

Waliomba mambo mawili. La kwanza, wawe peke yao nchini wenye ruhusa ya kuuza nje dhahabu na almasi. La pili, wapewe fidia ya asilimia 35 badala ya 20. Wizara ya Fedha ikakubali. Ile asilimia 15 ya juu haikuwemo katika sheria. Ilitolewa kama hisani tu. Hisani kwa mali ya nani? Yako na yangu.

DHAHABU ILITOKA WAPI?

Hapa ndipo mtu anashika kichwa. Kenya ina dhahabu kidogo, pande za Kakamega na Migori, watu wanachimba kwa sururu na karai. Almasi ndiyo kabisa, hatuna mgodi. Dhahabu nyingine kidogo ilipita kimagendo kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Lakini kwenye makaratasi ya Goldenberg, Kenya ilikuwa ghafla nchi ya dhahabu.

Hesabu yake ni nyepesi. Unaandika fomu kwamba umeuza nje dhahabu ya shilingi 100. Unapata muhuri wa forodha. Unaonyesha Benki Kuu kwamba dola zimeingia, hata kama dola zenyewe umezinunua mjini. Serikali inakupa shilingi 35. Kesho unaandika fomu nyingine. Huhitaji mgodi, unahitaji kalamu, muhuri, na watu wa kunyamaza.

Mambo hayakuishia hapo. Kulikuwa na mpango mwingine wa Benki Kuu wa kuwakopesha wauzaji kabla bidhaa haijasafirishwa, kupitia mabenki ya biashara. Pattni akafungua benki yake mwenyewe, Exchange Bank, na mlango huo nao ukawa wazi. Kisha zikaja biashara za kuuziana dola ambazo hazikuonekana. Mwaka 1993 peke yake kuna malipo ya shilingi bilioni 5.8 yaliyotoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni hiyo, na ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa mashtaka baadaye.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, ni watu wangapi walishika karatasi hizo? Wa forodha, wa madini, wa Hazina, wa Benki Kuu, wa benki za biashara. Kila mmoja alitia sahihi kipande chake. Hakuna aliyeiba peke yake, na kwa hiyo kila mmoja alijiambia kuwa yeye hakuiba. Nadhani huu ndio ujanja mkubwa wa dola iliyotekwa. Inaugawa wizi vipande vidogo vidogo mpaka unatosha kuingia mfukoni mwa mtu muungwana.

NANI ALILIPA?

Kuna watu husema, "Ah, hizo ni pesa za serikali, mimi zinanihusu nini?" Zinakuhusu sana.

Mwishoni mwa 1991 wafadhili walisimamisha misaada, na mwezi Disemba mwaka huo katiba ikabadilishwa, vyama vingi vikarudi. Disemba 1992 kukawa na uchaguzi. Pesa zilimwagwa mitaani mpaka noti ya mia tano ikapachikwa jina la Jirongo, kiongozi wa lile kundi la vijana wa KANU, YK'92. Vijana ndio walioitwa kuzigawa pesa hizo, na vijana ndio waliokuja kubaki bila kazi. Tulikumbuke hilo kila uchaguzi unapokaribia na watu wakaanza kututafuta kwa fulana na bahasha.

Pesa zikiwa nyingi na bidhaa ni zile zile, bei hupanda. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulipita asilimia 40. Shilingi, iliyokuwa kama 36 kwa dola mwishoni mwa 1992, ilianguka mpaka zaidi ya 60 kabla ya 1993 kwisha. Mama aliyeweka akiba yake ndani ya kibubu aliibiwa na hakuna mtu aliyegusa kibubu chake. Noti zilikuwa zile zile, nguvu zake ndizo zilizochukuliwa.

Kisha serikali ikalazimika kuzifyonza pesa zile kwa kukopa ndani ya nchi. Riba ya hati za Hazina ilipanda mwaka huo ikapita asilimia 70. Wenye pesa nyingi, pamoja na waliozipata kwa njia zisizo sawa, waliweza kuikopesha serikali na kulipwa riba kutoka kwa kodi yetu. Yaani umma ulichukuliwa mali yake kisha ukalipishwa riba ya kukopeshwa pesa za aina ile ile. Nasi tunajua vyema ubaya wa riba ulivyo.

KARANI

Katika Benki Kuu kulikuwa na karani kijana, David Sadera Munyakei, aliyeajiriwa mwaka 1991. Alizaliwa 1968, kwa hiyo umri wake ulikuwa karibu na wetu sisi tunaomaliza chuo. Kazi yake ilikuwa kwenye makaratasi ya fidia za wauzaji wa nje. Hakuwa mkubwa. Hakuwa na gari la bendera wala walinzi. Alikuwa na kazi nzuri ambayo kila mzazi angependa mwanawe aipate.

Lakini aliyasoma yale makaratasi. Aliona madai makubwa yakija tena na tena kutoka kampuni ile ile, yakipitishwa haraka, na maswali yakikatazwa. Wengine waliona pia. Tofauti yake ni kwamba yeye hakulala nayo. Mwaka 1993 aliyatoa makaratasi hayo yakawafikia wabunge wa upinzani, Anyang' Nyong'o na Paul Muite. Bunge la vyama vingi lilikuwa changa, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kusimama mle ndani na kuuliza. Wakauliza. Magazeti yakaandika. Nchi ikajua.

Unadhani alipewa nishani? Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka hayakufika popote, yakaondolewa, lakini kazi akafukuzwa. Waliotia sahihi mabilioni wakabaki maofisini. Aliyesema "hizi hesabu si kweli" ndiye aliyeitwa mhalifu.

Kwa kuhofia maisha yake alikuja huku Mombasa. Hapa ndipo aliposilimu na kuoa. Wengi wetu hatujui kwamba mtu aliyeifichua Goldenberg alikuja kuwa ndugu yetu katika imani, akaswali katika safu zetu, pengine bega kwa bega na babu zetu, na hakuna aliyejua ni nani. Baadaye alirudi kuishi Narok kwa watu wake, maisha ya chini kabisa.

Serikali ilipobadilika alitokea tena na kutoa ushahidi wake. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Picha zikapigwa, makofi yakapigwa. Kazi yake hakurudishiwa. Alifariki Julai 2006, maskini wa mali, hajafika hata miaka 40. Tunamuomba Allah Amrehemu na Amlipe kwa kheri aliyotufanyia.

NA WALE WENGINE?

Katikati ya miaka ya tisini Chama cha Mawakili kilijaribu kufungua mashtaka chenyewe baada ya kuona serikali inavutavuta miguu. Kilizuiwa. Februari 2003 Rais Mwai Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire. Wakenya waliifuata kwenye televisheni kama tamthilia. Ripoti ikatolewa hadharani mwanzoni mwa 2006, na tume ilifuatilia njia za shilingi bilioni 158 zilizozunguka kwa makampuni na watu mamia. Hata leo watu hawakubaliani ni kiasi gani hasa kilichopotea moja kwa moja.

Halafu? Mwaka huo huo wa 2006 Mahakama Kuu ilimwondoa George Saitoti, aliyekuwa Waziri wa Fedha mpango ulipoanza, katika lawama za ripoti ile. Mwaka 2008 hoteli ya Grand Regency, iliyohusishwa na pesa hizo, ilirudishwa kwa Benki Kuu na kuuzwa kwa Walibya kwa namna iliyomfanya Waziri wa Fedha wa wakati huo, Amos Kimunya, ajiuzulu. Mwaka 2013 jaji wa Mahakama Kuu, Joseph Mutava, alisimamisha kesi dhidi ya Pattni. Jaji huyo mwenyewe akapelekwa mbele ya jopo kuhusu mwenendo wake katika kesi hiyo, likapendekeza aondolewe, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nalo. Unaikumbuka ile aya ya 188 na wenye kuhukumu?

Hakuna kigogo hata mmoja aliyehukumiwa akafungwa jela kwa Goldenberg. Disemba 2024, zaidi ya miaka 30 baadaye, Marekani na Uingereza zilimwekea Pattni vikwazo. Kwa sababu gani? Biashara ya dhahabu tena, safari hii ya Zimbabwe. Ugonjwa usiotibiwa hauondoki, unahamia kiungo kingine.

Na si Kenya tu. Afrika Kusini, mwaka 2016, Mlinzi wa Umma Thuli Madonsela alitoa ripoti juu ya ndugu wa familia ya Gupta na ushawishi wao kwa serikali ya Jacob Zuma. Tume ya Jaji Raymond Zondo ikakaa kuanzia 2018 na kumaliza ripoti zake 2022. Katikati ya hayo, Agosti 2021, mhasibu wa idara ya afya ya Gauteng, Babita Deokaran, aliyekuwa amehoji malipo ya kutilia shaka, alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Utaona kwamba huko pia aliyesimama mbele alikuwa mtu wa hesabu na makaratasi, wala si jenerali.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu yangu, dada yangu, miongoni mwetu wako watakaokuwa makarani, wahasibu, maafisa wa kaunti, wanunuzi wa hospitali, mawakili. Siku moja faili litakuja mezani mwako. Halitakuwa limeandikwa "haramu" juu yake. Litakuwa na sahihi tano tayari, na mkubwa wako atasema, "Wewe weka tu ya kwako, usitucheleweshe." Siku hiyo si siku ya kuanza kufikiria. Fikiria leo.

Mambo matatu nayaona katika kisa hiki.

La kwanza, soma unachotia sahihi. Munyakei hakuwa na ujuzi wa siri. Alisoma tu kazi aliyopewa. Leo tuna silaha ambazo yeye hakuwa nazo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Sheria ya kupambana na hongo, nayo ya 2016, inakataza kumdhuru aliyetoa taarifa. Zijue haki hizi. Sheria usiyoijua haiwezi kukulinda, na hata ukiijua, usiende peke yako: weka nakala, tafuta wakili, mwambie mtu unayemwamini.

La pili, tuache kumheshimu mtu kwa bahasha yake. Akija mtu kwenye harambee ya madrasa au ya msikiti na kutoa laki tano, tunamkalisha mbele na kumwombea dua ndefu. Hakuna anayeuliza. Mwalimu wa kike aliyetoa mia mbili zake za jasho tunamkalisha nyuma. Vijana wanatazama na wanajifunza. Na sisi wenyewe tuanze nyumbani: hesabu za misikiti na jumuiya zetu zibandikwe ubaoni kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka. Hatuwezi kuidai Hazina uwazi na sanduku la msikiti wetu hatulijui.

La tatu, na ndilo linalonikera zaidi, tusiwaache watu wa aina hii peke yao. Yule karani alihitaji tuzo, ni kweli, lakini zaidi alihitaji unga, karo ya watoto na kazi. Katika kila mtaa yuko mtu aliyepoteza riziki kwa kukataa kutia sahihi uongo. Tumuulize hali. Tumpe kazi katika biashara zetu, kwani nani mwaminifu zaidi wa kushika duka lako? Na kama ameelemewa na madeni, tuwaulize maulamaa wetu juu ya fungu la wenye madeni katika zaka zetu za mwezi huu. Walioiba walikuwa na mtandao wa kulindana kutoka forodha mpaka mahakamani. Wakweli nao wanastahili wa kwao.

Dola haitekwi siku moja, na haikombolewi siku moja. Inatekwa sahihi kwa sahihi, na itakombolewa kwa mtu mmoja baada ya mwingine kuiweka kalamu chini na kusema "hii mimi sitii."

Allah Atutakabalie saumu zetu, Azitakase riziki zetu, na Atupe moyo wa kusema kweli siku ambayo kusema kweli kutatugharimu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.